Chama Kina Kura, Ligi Hakina: Habari za Soka la Majimbo ya India

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vyama vya mikoa na wilaya, makocha, waamuzi, mama zetu na dada zetu wa soka la wanawake, na nyinyi wazee mliotutangulia kwenye mchezo huu: shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Niliombwa nizungumzie uongozi wa soka ngazi ya mkoa. Nikawaambia waandaaji kwamba nikianza na mikoa yetu, nusu ya ukumbi itakuwa imenuna kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo leo nawapeleka India. Huko hakuna atakayesema nimemlenga, na atakayejiona kalengwa basi tutaonana nje.

Wengi wetu tukiisikia India tunawaza kriketi na filamu. Lakini Kombe la Durand lilianza kuchezwa Shimla mwaka 1888, na ndilo kombe kongwe kuliko yote barani Asia. Chama cha soka cha Bengal kilianzishwa 1893. Shirikisho la taifa, hili linaloitwa AIFF, lilizaliwa 1937. Pigeni hesabu: jimbo lilitangulia taifa kwa miaka 44. Na Wabengali, kwa majivuno yao, walikiita chama chao Chama cha Soka cha India, IFA, na mpaka leo hawajakibadili jina. Julai 29, 1911, Mohun Bagan ya Calcutta iliifunga timu ya kikosi cha East Yorkshire 2-1 kwenye fainali ya Ngao ya IFA, Wahindi karibu wote wakicheza pekupeku dhidi ya askari wa mkoloni waliovaa viatu. Wakati huo shirikisho la taifa halikuwepo hata kwenye mawazo.

Ukienda mbele unakuta mambo ni yaleyale. India iliyoshika nafasi ya nne kwenye Olimpiki ya Melbourne 1956, na ikachukua dhahabu ya Michezo ya Asia kule Jakarta 1962, ilifundishwa na S. A. Rahim. Huyu alikuwa mwalimu kutoka Hyderabad aliyeinoa timu ya polisi ya jiji lile. Hakutoka makao makuu ya shirikisho. Alitoka mkoani, na nyuma yake kulikuwa na ligi ya mkoani iliyokuwa hai.

Sasa Kombe la Santosh. Lilianza 1941. Sisi tuliokulia kwenye Kombe la Taifa hatuhitaji kuelezwa: kila jimbo linaunda timu, mchezaji anavaa jezi ya kwao, na mechi inakuwa ya kutambiana majirani. Tofauti ni kwamba India jeshi nalo huingiza timu yake kana kwamba ni jimbo, na shirika la reli vilevile. Mpaka 2024 jeshi lilikuwa limelibeba kombe hilo mara 7. Bengal wanaongoza kwa mbali. Desemba 31, 2024, kule Hyderabad, walilibeba kwa mara ya 33, Robi Hansda akiwafunga Kerala bao pekee dakika za majeruhi.

Kwa kijana asiye na shangazi mjini, kombe hili lilikuwa mlango wa ajira. Polisi, reli, benki, mashirika ya umma, wote walikuwa na timu na wote walikuja kuchagua watu hapo. I. M. Vijayan, ambaye baadaye alikuwa nahodha wa India, alianza kwa kuuza soda uwanjani Thrissur, jimbo la Kerala. Timu ya polisi ya Kerala ilimchukua akiwa na miaka 17. Watu wa huko hawahitaji takwimu kujua faida ya soka la jimbo. Wanamjua muuza soda.

Mei 2, 2022, fainali ya Santosh ilichezwa Manjeri, wilaya ya Malappuram, Kerala dhidi ya Bengal. Malappuram ni wilaya ya Waislamu wengi. Ramadhani ilikuwa inaisha na kesho yake ilikuwa Idi. Watu walifuturu wakaenda uwanjani, zaidi ya 20,000, kwa mechi ambayo haikuwa na nyota hata mmoja wa kigeni. Bengal wakatangulia kufunga kwenye muda wa nyongeza. Kerala wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, halafu wakashinda kwa penalti 5-4. Sikukuu ilianza usiku huohuo.

Ungetegemea shirikisho liseme: kumbe dhahabu iko hapa, tuongeze. Mwaka uliofuata nusu fainali na fainali ya kombe la majimbo ya India zikapelekwa Riyadh, Saudi Arabia. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulipandisha hadhi kombe. Machi 4, 2023, Karnataka waliwafunga Meghalaya 3-2 kwenye Uwanja wa Mfalme Fahd. Karnataka hawakuwa wameligusa kombe hilo tangu msimu wa 1968-69, jimbo lao likiitwa bado Mysore. Zaidi ya nusu karne ya kusubiri, halafu siku ya furaha ikafika ng'ambo ya bahari, wazee wao walioiona ile ya mwisho wakiwa Bangalore. Mimi naliona jambo hilo kuwa la ajabu mpaka leo.

Na msije mkadhani timu ya taifa ndiyo inayojaza viwanja. Ndugu zetu wa Kenya waliopo hapa watakumbuka Juni 2018, Harambee Stars walipoalikwa kwenye mashindano ya Mumbai. India ilikuwa imeifunga Taipei ya China 5-0 mbele ya watu kama 2,500 tu. Nahodha wao Sunil Chhetri akajirekodi video akiwaomba watu waje uwanjani, hata wakija kutukana. Tiketi za mechi iliyofuata, dhidi ya Kenya, zikaisha. Kenya wakalala 3-0, na kwenye fainali wakalala tena 2-0, mabao yote mawili ya Chhetri. Pole zao. Nahodha wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni anaomba watu kwa video, na Malappuram hakuna anayeombwa.

Tuje kwenye uongozi, maana ndiko nilikoitwa.

Mkutano mkuu wa AIFF, kwa miaka yote hiyo, ulikuwa mkutano wa vyama vya majimbo. Kila chama kura moja. Bengal yenye ligi iliyoanza 1898, kura moja. Jimbo ambalo ligi yake huanza mwaka huu, mwakani isiwepo, kura moja. Sisemi kura zipimwe kwa kilo. Tukianza hivyo, wadogo watamezwa. Ninachosema ni kwamba kura ilikuwa haimdai mtu chochote. Katibu wa jimbo angeweza kukaa miaka kumi bila ratiba, bila mafunzo ya waamuzi, bila ligi ya vijana, na siku ya uchaguzi bado akapokelewa hotelini kama mfalme. Kwa mgombea wa urais wa shirikisho, chama kilicholala na chama kinachofanya kazi bei yao ni ileile. Sasa niambieni, nani atahangaika kukiamsha kilicholala?

Matokeo yake yalionekana mahakamani. Rais wa shirikisho, Praful Patel, alikuwa madarakani tangu zama za 2008 na 2009. Muda wake ulikwisha Desemba 2020, uchaguzi haukufanyika, hoja ikiwa kwamba kesi ya katiba haijaisha. Kesi hiyo ilikuwa imeanzia Mahakama Kuu ya Delhi, kwa mwanasheria Rahul Mehra, na uchaguzi wa shirikisho ulishabatilishwa 2017. Mei 2022 Mahakama ya Juu ikachoka. Ikaiweka pembeni kamati tendaji na kuwapa shughuli wasimamizi watatu: jaji mstaafu Anil Dave, aliyekuwa kamishna mkuu wa uchaguzi S. Y. Quraishi, na aliyekuwa nahodha wa India Bhaskar Ganguly.

Hao wakaja na pendekezo kwamba wachezaji wastaafu 36 wapige kura sawa na vyama 36. Vyama vikaruka. FIFA nayo ikasema robo ya wajumbe inatosha. Katikati ya Agosti 2022 FIFA ikaifungia India kwa sababu ileile tunayoijua: watu wa nje kuingilia shirikisho. Kenya nayo ilikuwa kifungoni mwaka huohuo, tangu Februari, kwa hiyo hadithi hii si ngeni kwetu.

Nataka tukae kidogo hapa, kwa sababu kwenye mikutano kama hii huwa tunasema kifungo cha FIFA kama vile ni barua tu. Timu ya wanawake ya Gokulam Kerala, mabingwa wa India, ilikuwa imeshatua Tashkent, Uzbekistan, kwa mashindano ya klabu za Asia. Wasichana 23. Walipofika ndipo wakapata habari kwamba nchi yao imefungiwa. Klabu ikamwandikia waziri mkuu kumwomba aingilie kati. Wakafanya mazoezi, wakasubiri. Kifungo kikafunguliwa Agosti 26, kwa wao kilikuwa kimechelewa, walisharudi nyumbani bila kugusa mpira wa mashindano. Hawa hawakuwa na kura hata moja kwenye ugomvi ule. Hawakuwa upande wa mahakama wala upande wa vyama. Ni wao waliolipa.

Septemba 2, 2022 uchaguzi ukafanyika, kura za vyama peke yake. Kalyan Chaubey, kipa wa zamani wa East Bengal na Mohun Bagan ambaye sasa ni mwanasiasa, alimshinda Bhaichung Bhutia, mshambuliaji aliyeichezea India zaidi ya mechi 80. Kura 33 kwa 1. Sina ugomvi na mshindi. Naye kacheza mpira, na ndiye mchezaji wa kwanza kushika kiti kile. Lakini kura 33 kwa 1, ndugu zangu! Hata mtu akigombea ujumbe wa harusi hapati hivyo. Ukiona vyama vya nchi kubwa namna ile, vyenye shida tofauti kutoka milima ya kaskazini mpaka pwani ya kusini, vinakubaliana kiasi hicho, ujue mazungumzo hayakuwa ya mpira.

Sasa niwapeleke Mizoram, maana nisingependa muondoke hapa mkiamini India ni kesi tupu.

Mizoram ni jimbo dogo la milimani, limebanwa kati ya Myanmar na Bangladesh. Sensa ya 2011 iliwakuta watu wapatao milioni 1.1. Ardhi tambarare ni shida. Kupata mahali pa kuweka magoli mawili ni kazi. Mwaka 2012 chama cha jimbo kilianzisha ligi kuu yake. Hawakwenda kumlilia mfadhili wa Mumbai. Walikwenda kwa Zonet, kampuni ya televisheni ya waya ya hapohapo Aizawl, wakakubaliana ionyeshe mechi. Uwanja wa Lammual katikati ya mji ukawekwa nyasi bandia, kwa sababu mvua za kule zingeua ratiba. Mechi zikawa na siku zake na saa zake. Mtu akirudi kazini anawasha televisheni anamwona mtoto wa jirani akipiga kona. Pembeni wakaweka ligi za watoto, Naupang, ambazo baadaye shirikisho la taifa liliiga sura yake.

Utaona hakuna uchawi. Ratiba, uwanja unaochezeka, na mtu wa kuonyesha. Miaka miwili baadaye, Machi 2014, Mizoram wakalibeba Kombe la Santosh kwa mara ya kwanza, wakiwafunga Reli 3-0.

Halafu Aizawl FC. Msimu wa 2015-16 walishuka daraja kutoka I-League, ligi kuu ya wakati huo. Wakarudishwa kwa bahati ya wengine kujitoa, nitawataja. Wakamchukua kocha Khalid Jamil, aliyekuwa ametupiwa virago na klabu yake ya Mumbai. Aprili 22, 2017, Mohun Bagan, haohao wa 1911, wakapanda mlima kwenda Aizawl, na beki Zohmingliana Ralte akawafunga kwa kichwa, 1-0. Aprili 30, Shillong, Aizawl walihitaji sare. Dakika ya 9 Mkameruni Aser Dipanda akawatanguliza wenyeji. Kipindi cha pili William Lalnunfela akasawazisha. Ikaisha 1-1, na klabu iliyopaswa kuwa daraja la chini ikawa bingwa wa India.

Zawadi yao? Mwaka huohuo mipango ilikuwa inakamilika kuifanya Ligi Kuu ya India, ISL, iliyoanzishwa 2014 na wafanyabiashara, iwe ndiyo kubwa. Nafasi ilikuwa ya kununuliwa. Kupanda daraja hakukuwepo. Bingwa wa nchi akaambiwa mlango umefungwa, mpaka viongozi wa Aizawl wakatishia kufunga kula hadi kufa. Mlango wa kupanda kwa uwanjani ulifunguliwa mara ya kwanza kwa Punjab FC, msimu wa 2023-24. Kushuka mpaka hapo hakukuwepo. Ligi ambayo mtu hashuki inamlea mwenye fedha na kumkatisha tamaa mwenye mpira.

Waliojitoa 2016 walikuwa Wagoa: Salgaocar, Dempo na Sporting, klabu za jimbo ambalo soka ndilo kila kitu, wakipinga mpango huohuo. Kule Punjab, JCT ya Phagwara, mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa 1996-97, walishafunga duka 2011. Sitakaa hapo sana. Inatosha kusema klabu hizi hazikufa kwa kukosa wachezaji.

Kerala nao wana la kwao, na hili mtalipenda. Wana ndondo, soka la mtaani. Yao huchezwa na wachezaji saba kwa saba, usiku, chini ya taa, viwanja vimezungushiwa majukwaa ya miti yanayofungwa na kufunguliwa, na kiingilio mlangoni. Kuanzia miezi ya mvua kukatika mpaka karibu na masika yao, Malappuram na jirani zake hazilali. Fedha nyingi ni za watu wao walioko Ghuba. Timu huajiri vijana kutoka Nigeria, Ghana, Ivory Coast, Liberia, na wenyeji huwaita wote Wasudani, hata wa Accra. Waganda nao wamecheza India, ila kwenye ligi rasmi. Khalid Aucho, kabla ya Yanga wa Jangwani kumpenda, alipita East Bengal na Churchill Brothers.

Ndondo hii ina chama chake, kiko nje ya chama cha soka cha Kerala na nje ya AIFF. Kwa miaka mingi chama rasmi kilikuwa kinapiga marufuku wachezaji waliosajiliwa wasiende, nao wakienda. Nani asingeenda? Usiku mmoja wa ndondo unalipa taslimu, na ligi ya jimbo haijulikani itaanza lini. Lakini ndondo ina ubaya wake, nisiwafiche: bima hakuna, mkataba hakuna, goti likivunjika ni lako, na Mwafrika wa watu akikwama na viza hana shirikisho la kumlilia. Jukwaa la miti likianguka, mnatafutana.

Mwaka 2024 chama cha Kerala kikafanya jambo la akili. Badala ya kuendelea kugombana na umati, kikaanzisha Super League Kerala, timu sita zenye majina ya miji na wilaya ambazo watu tayari wanazipigia kelele: Kochi, Calicut, Kannur, Malappuram, Thiruvananthapuram, Thrissur. Mechi usiku, kama watu walivyozoea. Viwanja vikajaa, Calicut wakachukua kombe la kwanza. Sitasema limefanikiwa milele, ligi za wafanyabiashara tumeziona. Lakini kwa mara ya kwanza chama rasmi kilikwenda kuwafuata watu waliko.

Na huku juu? Desemba 2010 AIFF ilikuwa imeziuzia kampuni za IMG na Reliance haki zake za biashara kwa miaka 15, rupia bilioni 7. Miaka 15 ni mingi, watu wakalala. Mkataba ulikuwa unaisha Desemba 8, 2025. Julai 2025 waendeshaji wa ISL wakatangaza msimu umesimamishwa, kwa kuwa hawajui kesho yao. Zabuni ikatangazwa, na Novemba ilipofunguliwa hakukuwa na mwombaji hata mmoja. Mwezi huohuo, Novemba 18, India ikafungwa 1-0 na Bangladesh kule Dhaka, ikashuka mpaka nafasi ya 142 kwa viwango vya FIFA. Mwaka 1996 ilikuwa ya 94. Kocha aliyekaa benchi Dhaka alikuwa Khalid Jamil, yule wa Aizawl, aliyepewa timu ya taifa Agosti 2025, sehemu ya wachezaji wake wakitoka kwenye klabu zilizokuwa zimesitisha mazoezi. Mnaomlaumu kocha, mlaumuni, ila taratibu.

Septemba 19, 2025 Mahakama ya Juu iliipitisha katiba mpya ya AIFF, iliyoandaliwa na jaji mstaafu L. Nageswara Rao, na mkutano mkuu ukaipokea Oktoba 12, FIFA ikiwa imeshatoa tarehe ya mwisho. Wachezaji wastaafu, wanawake wakiwemo, wamepata viti. Mkishika nakala yake, ruka kurasa za mwanzo uende moja kwa moja kwenye kifungu kinachokataza kiongozi wa shirikisho kushika wakati huohuo cheo kwenye chama cha jimbo. Hicho ndicho kilichobishaniwa kuliko vyote, na wabishi wakubwa walikuwa wenye kofia mbili. Anayetoa ruzuku makao makuu asiwe ndiye anayeipokea jimboni. Kinasomeka kirahisi hivyo, na imechukua kesi ya miaka minane kukifikisha mezani.

Katibu ananionyesha saa. Naona mikono mitatu imeshanyooshwa upande wa mikoa, na mmoja wa hao nadhani ana kofia mbili. Tuanze na yeye.